Tangi limebaki nusu: ujazo wake ni upi?

*Swali: Shikamoo, Mwalimu. Tangi letu la maji hapa Chumbageni, Tanga, limebaki nusu. Fundi aliyelifunga anasema ujazo wake ni lita 1000. Mwanangu wa darasa la sita anasema ujazo wake ni lita 500. Nani yuko sahihi? Na mtungi wa gesi "wenye ujazo wa kilo 6", hicho ni Kiswahili?*

Marahaba, mama. Wote wawili wamesema kweli, ila fundi anatazama chombo na mwanao anatazama maji.

Ujazo umetoka kwenye kujaza, kama mchezo ulivyotoka kwenye kucheza. Na penye kujaza pana vitu viwili: kinachojazwa na kinachojaza. Neno letu linabeba vyote. Ujazo wa tangi ni lita 1000 hata likikauka. Ujazo wa maji yaliyomo ni lita 500. Kilichowagombanisha ni hiyo "wake", maana haisemi ni wa tangi au wa maji. Kitajeni kitu chenyewe, ubishi utakwisha.

Wazee wa pwani hili walilijua zamani. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, kibaba hicho si uzito, ni kipimo cha ujazo, na vibaba vinne ni pishi moja. Tena walitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kimepitishwa mkono juu, mchele ukawa sawa na mdomo wa chombo. Cha tele kimerundikwa mpaka punje zinaporomoka pembeni. Chombo ni kilekile, mchele si uleule. Pale soko la Mgandini muuzaji akikupimia sado ya nyanya ukamwambia "ongeza", unadai tele. Inaniuma kuona maneno mawili mazuri hivi yanatutoka mdomoni, mfundishe mwanao.

Kuhusu gesi, hapana, mimi siliafiki. Kilo hupima uzito. Kilo 6 za gesi ya kupikia, iliyogandamizwa ikawa kimiminika, huchukua nafasi ya zaidi ya lita 10, na mtungi huachwa na nafasi ya ziada juu. Basi ujazo wa mtungi ule hauwezi kuwa "kilo 6". Sema mtungi wa gesi wa kilo 6, inatosha. Bodaboda "ya sisi (cc) 150" haina kosa, kwa sababu sisi ni sentimita za ujazo.

Usichanganye na ujazi, kwa irabu i mwishoni. Ujazi wa fedha ni istilahi ya wachumi, jumla ya fedha iliyomo katika uchumi. Wala usifuate Kiingereza, ambacho neno lake moja, volume, hutaja ujazo, sauti ya redio na sehemu ya kitabu. Kwetu redio haina ujazo, ina sauti, unaiongeza au kuipunguza. Kitabu kikigawanywa, kila sehemu ni juzuu.

Limebaki moja, "mita za ujazo". Mita za mraba zimepata jina kutoka kwenye umbo, mraba. Kwa mfano huo tungetarajia "mita za mchemraba", lakini tumezoea ujazo, na mazoea hayo yamekubalika. Ndiyo maana habari za mabwawa huandikwa "ujazo wa mita za ujazo" kadhaa: ujazo wa kwanza ni kiasi, wa pili ni aina ya kipimo. Mita moja ya ujazo ni lita 1000, ndoo 50 za lita 20, na ndiyo uniti moja kwenye bili yako ya maji. Tangi lenu likijaa kutoka tupu, mita ya maji imesogea uniti moja. Mwambie mwanao akaisome kabla na baada.