Leza ya Macho: Hesabu Kwanza, Tiketi Baadaye

Barua za macho za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: leza ya kuachana na miwani. Tumejibu nne.

Assalamu alaykum. Nina miaka 23, miwani yangu ni -7.00 macho yote mawili. Daktari wa Dar es Salaam kanipima, kasema konea yangu ina maikroni 495, hafanyi. Rafiki yangu ananiambia niende India, huko hawakatai mtu. Niende?
*Kijana wa Wete*

Waalaykum salaam. Kabla ya kukata tiketi, shika kalamu. Konea ni kile kioo cha mbele ya mboni. Kwa kawaida unene wake ni kama maikroni 540, yaani nusu milimita na ushei. Katika LASIK, aina mojawapo ya leza hiyo, daktari hukata kwanza kifuniko chembamba cha maikroni 110 hivi, akakifunua kama ukurasa, kisha leza ikachonga chini yake. Kila namba moja ya miwani ya kuonea mbali hula maikroni 12 hadi 15. Tuseme 14: kwa namba zako 7 ni 98. Toa 110, toa 98, kwenye 495 unabakiwa na 287. Kiwango cha chini kabisa kilichozoeleka ni 250, lakini madaktari waangalifu wanataka 300. Na kifuniko hakihesabiwi, kwani kikishakatwa hakishikilii tena jicho. Konea iliyochongwa mno husukumwa na presha ya ndani, ikatokeza mbele, na uoni ukaharibika kwa namna ambayo miwani haiutengenezi.

Tena unene si kila kitu. Ipo konea nene yenye umbo bovu, ndiyo maana hupigwa ramani ya konea, mbele na nyuma. Pahala walipokupima namba na unene tu, bado hujapimwa. Kama tangu utotoni macho yanakuwasha na unayafikicha, au asitigmatizimu yako (namba ya konea isiyopinda sawasawa) inapanda kila mwaka, mwambie daktari wazi: huenda ni keratokonasi, ugonjwa wa konea kukonda na kutokeza mbele, na mwenye keratokonasi hafanyiwi LASIK. Namba nayo iwe imetulia, isisogee zaidi ya 0.50 kwa mwaka mzima.

Kwa maoni yetu, aliyekukatalia ndiye aliyekufanyia kazi. Rudi kwake umuulize mambo mawili. La kwanza ni PRK, leza inayochonga juu bila kifuniko na hivyo kubakisha zaidi. Lakini maumivu yake ni ya siku 3 hadi 5, uoni hukaa sawa baada ya wiki kadhaa, na kwa namba kubwa kama yako konea huweza kufanya ukungu. La pili ni lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho. Hiyo haichongi konea, ila ni upasuaji wa ndani na lazima pawe na nafasi ya kuiweka.

Nafanya kazi ya kuwazamisha wageni baharini na navaa lenzi laini kila siku. Nikifanya LASIK nitarudi majini lini?
*Paje*

Anza na lenzi: zivue wiki 2 kabla ya kupimwa, achilia mbali kabla ya upasuaji. Zinaikandamiza konea, na ukipimwa muda mfupi tu baada ya kuzivua leza itachonga umbo ambalo si lako. Zile ngumu huhitaji wiki 3 au 4, pengine zaidi.

Baada ya upasuaji, usiogelee wiki 2, na kuzamia subiri mwezi mmoja na ruhusa ya daktari. Hofu ni vijidudu vya majini, na barakoa inayoweza kulivuta au kuligonga jicho. Ukifanyiwa Dar es Salaam, usirudi Unguja kabla ya kuonwa siku ya pili, na kwenye boti kaa ndani. Juu kuna upepo na chumvi, na jicho likiwasha mkono huenda wenyewe. Kulifikicha mara moja tu kunaweza kukisogeza kifuniko.

Mimi ni mwalimu, miaka 46. Mbali naona vizuri, ila bila miwani sisomi daftari. Leza itanisaidia?
*Bi mkubwa wa Chake Chake*

Kidogo sana, Mwalimu. Kilichokaza ni lenzi ya ndani ya jicho, na leza inachonga konea. Wapo wanaofanyiwa jicho moja la karibu na jingine likaachwa la mbali. Si kila mtu huzoea. Mwombe daktari akuigizie hali hiyo kwa lenzi ya kuvaa siku kadhaa kabla hujalipa. Miwani ya kusomea ni rahisi zaidi.

Vipi wudhu, wanja na saumu? Na yale matone yakiisha, nikanunue mengine dukani?
*Mwanakwerekwe*

Kwa wiki ya kwanza maji yasiingie jichoni. Namna ya kutawadha au kutayamamu muulize sheikh wako kabla ya siku ya upasuaji. Wanja uache siku 3 kabla na wiki 2 baada, kwani chembe zake hunasa chini ya kifuniko. Kuhusu saumu, madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi visiwani hayaoni wanja kuwa unafunguza, na matone ya macho huchukuliwa vivyo hivyo.

Matone ni ya aina tatu, usiyachanganye. Antibayotiki ni ya siku chache. Machozi ya bandia tumia hata miezi 6, kwani leza hukata mishipa ya fahamu ya konea na jicho likakauka; chagua yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Ya tatu ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hapo ndipo watu wanapoumia. Jicho likipoa wanaendelea kununua wenyewe, presha ya jicho inapanda kimyakimya. Ubaya ni kwamba konea iliyochongwa hufanya kipimo cha presha kisome chini kuliko ilivyo, hivyo kila daktari atakayekupima mwambie umefanyiwa leza. Makaratasi ya vipimo vya kabla ya upasuaji yaweke pamoja na hati ya nyumba: siku ukipata mtoto wa jicho, ndiyo yatakayomsaidia daktari kukuchagulia lenzi.

Jicho likizidi kuuma, kuwa jekundu au uoni ukashuka ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.