Kusoma vigezo vya mstari wa amri katika Perl: ushauri kwa anayeanza

Wengi wanaojifunza Perl hufika mahali skripti inafanya kazi vizuri, ila jina la faili limeandikwa ndani yake, na kila faili mpya inapokuja hulazimika kufungua programu na kuihariri. Dawa yake ni kumwachia mtumiaji ataje anachotaka pale anapoiendesha skripti. Kwa kuwa kazi yangu kubwa imekuwa kuandika skripti za kuchambua faili za kumbukumbu za seva, ushauri ninaoutoa siku zote ni huu: ielewe kwanza @ARGV, safu (array) ambamo Perl huweka vigezo, jinsi ilivyo, kisha uhamie moduli ya Getopt::Long mapema, kabla hujaanza kujitungia njia yako ya kutambua machaguo, yaani vigezo vyenye majina kama --kimya.

Kila kigezo kinachoandikwa baada ya jina la skripti huwekwa na Perl ndani ya @ARGV. Aliyetokea kwenye lugha ya C azingatie kwamba $ARGV[0] ni kigezo cha kwanza chenyewe, kwa maana jina la programu hukaa peke yake ndani ya $0. Ili uyaone haya kwa macho, andika faili iitwayo vigezo.pl yenye mstari mmoja tu:

print "[$_]\n" for @ARGV;

Kisha iendeshe hivi:

perl vigezo.pl moja "mbili tatu" *.txt

Utaona kwamba "mbili tatu" imefika ikiwa kigezo kimoja, bila alama za kunukuu, na kwamba kwenye Linux nyota haikufika kabisa, bali yamefika majina ya faili zote za .txt zilizomo kwenye folda hiyo. Kazi hiyo imefanywa na sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, kabla Perl haijaanza. Kwenye Windows, sheli ya cmd haifanyi hivyo: nyota huingia ilivyo, na ni juu yako kuipanua kwa glob ya Perl. Namsihi kila anayeanza afanye jaribio hili, kwa sababu matatizo mengi ambayo watu huyatafuta ndani ya Perl asili yake ni sheli.

Njia fupi ya kuchukua kigezo ni shift. Nje ya subrutini huchukua kutoka @ARGV, lakini ndani ya subrutini huchukua kutoka @_, yaani safu ya vigezo vilivyopewa subrutini hiyo, kwa hiyo napendelea kuandika shift(@ARGV) waziwazi ili msomaji asilazimike kukisia. Unapoweka thamani ya kutumika endapo mtumiaji hakutaja kitu, tumia // badala ya ||. Ukiandika shift(@ARGV) || 10, mtumiaji aliyetaka sifuri atapewa kumi, kwa kuwa Perl huihesabu sifuri kuwa si kweli. Alama ya //, iliyokuja na Perl 5.10 mwaka 2007, huangalia tu kama thamani ipo au haipo.

Vigezo vikishazidi viwili, mpangilio wake huwa mzigo wa kukumbuka, na hapo ndipo machaguo yenye majina yanapohitajika. Getopt::Long, moduli ya Johan Vromans, huja pamoja na Perl yenyewe:

use strict;
use warnings;
use Getopt::Long;

my $idadi = 10;
my ($kimya, @tenga);

GetOptions(
    'idadi|n=i' => \$idadi,
    'kimya!'    => \$kimya,
    'tenga=s'   => \@tenga,
) or die "Matumizi: $0 [--idadi N] [--kimya] [--tenga NENO] faili ...\n";

Hapa =i hudai nambari kamili na =s hupokea maandishi yoyote. Alama ya mshangao huruhusu pia --no-kimya, na kwa kuwa @tenga ni safu, mtumiaji anaweza kurudia --tenga kadiri apendavyo. Usiiache ile or die. Mtu akiandika --idadi kumi, GetOptions hutoa onyo na kurudisha jibu la uongo, lakini haisimamishi programu. Bila or die, skripti itaendelea na thamani ya awali kana kwamba hakuna kilichoharibika. Aidha, die humaliza programu kwa hali isiyo sifuri, ili cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) au skripti nyingine iliyoiita ijue kwamba kazi haikufanyika.

GetOptions ikishamaliza, machaguo huwa yameondolewa kwenye @ARGV na yaliyobaki ni majina ya faili. Faili ikiwa na jina linaloanza na kistari, mtumiaji atangulize -- ili kuonyesha kwamba machaguo yamekwisha. Fahamu pia kuwa, kwa kawaida yake, moduli hii haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo -v na -V ni kitu kimoja mpaka uiwekee mpangilio wa no_ignore_case.

Kuhusu kuzisoma faili zilizobaki, vitabu vingi hufundisha while (<>), ambayo hupitia kila faili iliyomo ndani ya @ARGV, na safu ikiwa tupu husoma ingizo la kawaida, yaani kinachoandikwa kwenye kibodi au kinacholetwa na programu nyingine. Ni njia nzuri, lakini hufungua faili kwa open ya zamani yenye vigezo viwili, kwa hiyo jina linaloishia na alama ya | litatekelezwa kama amri ya mfumo. Kwenye seva ambako watu wengine hupakia faili, hiyo ni hatari halisi. Tangu Perl 5.22 ya mwaka 2015 unaweza kuandika while (<<>>), ambayo huchukulia kila jina kuwa faili na si kitu kingine, hata kistari kitupu. Skripti mpya yoyote itakayoendeshwa kwenye toleo hilo au la baadaye ningeiandika hivyo.

Maelezo ya matumizi yakirefuka, usiyarundike ndani ya die. Yaandike kwa POD, muundo wa Perl wa kuandika maelezo ndani ya skripti, mwishoni mwa skripti, kisha uite pod2usage kutoka moduli ya Pod::Usage, ili maandishi yaleyale yasomeke kwa --help na kwa amri ya perldoc.