Shangazi, mume wangu ananivurugia mipango yangu ya mwezi

*Shangazi, nina miaka minane kwenye ndoa. Siku hizi kila mwisho wa mwezi nakaa na daftari, naandika kila kitu cha mwezi unaofuata, kisha nabandika nakala kwenye mlango wa kabati. Kazi za mume wangu naziandika kwa wino mwekundu azione. Hazifanyi, na nikimuuliza anasema hajasoma. Mwezi uliopita mama yake akaja wiki ile ile niliyopanga kumaliza kozi yangu. Ni kweli mume wangu alishanidokezea kuwa mama yuko njiani, lakini ratiba yangu alikuwa anaijua. Huu ni mwezi wa tatu mpango unavunjika. Nimechoka kuwa peke yangu mwenye malengo humu ndani. Nifanyeje? Na kipi bora, daftari au simu?*

Mwanangu, pole kwa uchovu. Kupanga mwezi ni jambo jema na sitaki uliache. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na mumeo simwoni na hatia.

Tuanze na mama mkwe. Taarifa ya ujio wake ulikuwa nayo, umekiri mwenyewe. Hukuiandika kwa sababu haikuwa shughuli yako, ukaijaza wiki ile kana kwamba hakuna mgeni. Kosa hilo ni lako, si la mama wala la mwanawe.

Halafu huo wino mwekundu. Mtu mzima anafungua kabati atoe shati, anakuta jina lake na orodha ya kazi ambazo hakuulizwa hata moja. Ungekuwa wewe ungefurahi? Mumeo hakuvunja ahadi, maana hakuahidi chochote. Tena unasema wewe ndiye pekee mwenye malengo. Barua nzima nimetafuta mstari mmoja unaosema yeye anataka nini mwezi huu, sikuuona. Muulize. Inawezekana anayo malengo, ila hayajabandikwa popote.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Kila mmoja na simu yake, kalenda yake, vikao vyake. Mke anajua bosi wake anasafiri lini, hajui mumewe anakwenda lini kupima presha. Mume anakumbuka tarehe ya mechi, siku ya mtihani wa mwanawe anaambiwa asubuhi ile. Wanaishi kama wapangaji wanaopishana kwenye korido, halafu mmoja anashangaa mipango inagongana. Itaachaje kugongana, na haijawahi kukutanishwa?

Sasa turudi kwenye daftari lako, maana hata ungekuwa huna mume, mpango huo ungevunjika. Unasema unaandika "kila kitu". Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukilala saa 8 kila usiku, 240 zimekwenda. Ukifanya kazi saa 8 kwa siku 22, zimeondoka nyingine 176. Zinabaki 304, na humo kuna kupika, kufua, njiani, maradhi, wageni, na kukaa tu na mwenzako bila sababu. Wewe umezijaza zote. Wahenga walisema mipango si matumizi, na wataalamu wa saikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo hilo hilo mwaka 1979: mtu anapokadiria muda wa kazi huwaza jinsi anavyotaka iende, haangalii kazi kama hiyo ilimchukua muda gani huko nyuma. Kwa hiyo kabla hujagusa ukurasa mpya, fungua wa mwezi uliopita. Sehemu ya kozi iliyotangulia ilikuchukua wiki ngapi? Hizo ndizo utakazoandika, hata kama zinakuudhi.

Andika kwanza tarehe ambazo huwezi kuzisogeza: bili, ada, hospitali, safari, wageni, zako na zake. Baada ya hapo chagua mambo yako matatu, basi. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse wewe uliyeshika kumi na tano! Acha angalau siku moja kila wiki bila kitu. Jambo likikupita mwezi huu na ujao, likate vipande au ulifute. Usilibebe mwaka mzima likikusuta. Na usisubiri mwisho wa mwezi ndipo urudi kwenye daftari. Dakika kumi kila wiki zinatosha kuona kilichoteleza ukakihamisha mapema.

Miezi mitatu isikukatishe tamaa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu mazoea madogo ya kila siku, kama kunywa maji wakati wa mlo. Kwa kawaida zoea lilichukua karibu siku 66 kukaa mwilini, kwa wengine 18, kwa wengine hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe zoea lako linakuja mara moja kwa mwezi. Umelifanya mara chache mno kusema limeshindikana.

Ile karatasi ibandue leo. Siku chache kabla ya mwezi kwisha, tafuteni nusu saa watoto wakiwa wamelala. Kalamu mpe yeye kwanza, aandike tarehe zake na kazi anazokubali kuzibeba. Akiandika mbili, hizo mbili ndizo utakazomdai. Mengine zungumzeni.

Daftari au simu? Malengo yako yaweke kwenye kile unachokifungua kila siku bila kujilazimisha. Tarehe za nyumbani ziwe mahali pamoja ambapo wote wawili mnaweza kuandika na kufuta.