Nailoni yenye mistari wodini: si majaribio juu yako

Dada, hongera kwa ujauzito. Unasema uzazi wa kwanza ulitokwa na damu nyingi, na sasa umesikia wodini wanamtandikia mzazi nailoni yenye mistari; unauliza kama ni majaribio. Majaribio yalishafanyika. Utafiti wa E-MOTIVE, matokeo yake yakatoka 2023, ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida.

Nailoni hiyo hukinga damu ili ipimwe. Kwa mazoea mkunga hukadiria kwa macho, na macho hudanganya: kwa utaratibu huo, karibu nusu ya waliovuja damu kupita kiasi hawakugundulika. Damu ikizidi, hatua zote huanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, kukagua kama umechanika. Waliovuja damu nyingi mno, kupasuliwa au kufariki kwa sababu hiyo walikuwa 1.6% kwenye hospitali zilizotumia nailoni na hatua hizi, dhidi ya 4.3% kwenye huduma ya kawaida.

Mimi kinachonitia hofu ni historia yako, si nailoni. Usijifungulie nyumbani. Mweleze mkunga wa kliniki mapema, aiandike kwenye kadi. Upimwe wingi wa damu, na uchague hospitali yenye damu ya kuongezea. Vidonge vya madini ya chuma umeze, hata vikikufungisha choo. Ukiombwa kushiriki utafiti mwingine, uliza maswali yote; una haki ya kukataa na bado ukahudumiwa.