Kile kichwa kikubwa cha mvuke pale Nairobi

Ndugu, umeuliza kama kichwa cha treni namba 5918 cha Makumbusho ya Reli Nairobi kiliwahi kufanya kazi kweli, na mbona kinaonekana kama vichwa viwili vilivyounganishwa.

Kilifanya, tena kazi ya punda! Hiyo ni Garratt, aina ya kichwa cha mvuke chenye injini mbili, ya daraja la 59. Ziliundwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, 1955 na 1956, kila moja zaidi ya tani 250. Zilipandisha mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na moto wake ulikuwa wa mafuta mazito, si makaa. Umbo lina sababu: boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) iko katikati, injini moja mbele na nyingine nyuma, na kila injini hujipinda kivyake kwenye kona. Uzito ukagawanyika kwenye magurudumu mengi, reli nyembamba, yenye upana wa mita moja, ikastahimili.

Zote zilipewa majina ya milima. Hii ni Mount Gelai, mlima wa karibu na Ziwa Natron. Mwenzake 5930 ni Mount Shengena, wa Upareni. (Wapare, tembeeni kifua mbele!) Ni hizo mbili tu zilizosalia. 5918 iliwahi kufufuliwa ikatembea tena. Kuitunza ndiyo shughuli: boila lazima ipimwe shinikizo kabla ya kuwashwa, na vipuri huchongwa upya, havipo dukani.