Mshahara Umeshuka, Je, Nirudi Kazini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niliacha uhasibu miaka minne iliyopita ili nimlee mwanangu. Kabla ya hapo nililipwa shilingi 700,000. Sasa kampuni moja hapa Dar es Salaam inanipa 450,000. Dada wa kazi atataka 120,000 na nauli itakula 60,000. Mume wangu anasema nitakuwa ninafanya kazi ya kumlipa dada. Je, nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, ingawa wewe ndiye mhasibu. Ukikatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 45,000, kisha kodi ya asilimia 8 kwa kiasi kinachozidi 270,000, utapokea 394,200; ukiondoa dada na nauli, zinabaki 214,200. Si nyingi, lakini kauli ya mumeo haisimami, tena sioni kwa nini ujira wa dada utoke kwenye mkoba wako peke yako wakati mtoto ni wenu wawili.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye bahasha: mwajiri naye huchangia NSSF, na pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, hivyo kila mwaka unaokaa nyumbani unaisogeza mbele. Ningekubali, lakini kabla ya kutia saini ningeomba mkataba utamke kwamba mshahara utapitiwa upya baada ya miezi 6. Wakikataa kuliandika hilo, endelea kutafuta ukiwa humo humo kazini.