Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Kujitolea Kwenye Ujenzi

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Nimekubaliwa kujitolea wiki sita kwenye ujenzi wa madarasa kijijini, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu. Kuta ni za matofali ya udongo na saruji yanayofungamana. Sijawahi kushika mwiko. Nitasaidia nini hasa?

JIBU: Marahaba. Usiende kubeba matofali. Vijana wa kijiji wanabeba kukushinda, na kibarua hicho ndicho riziki yao. Mahali unapohitajika ni kwenye vipimo, kazi ambayo fundi mwenye haraka huiruka.

Matofali haya hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, na kuni ni tatizo kubwa kuzunguka kambi. Lakini uimara wake wote unatoka kwenye udongo, saruji na maji. Fukueni tabaka la juu mpaka mizizi iishe, kwa sababu mboji huidhoofisha saruji. Kisha tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko, chenye nafasi ya ndani ya sentimeta 60 kwa 4 kwa 4. Kipake mafuta, shindilia udongo uliolowa hadi pembeni, kianike juani siku tatu. Udongo utasinyaa. Usukume wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa chini ya milimita 15, changanyeni ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo. 15 hadi 30, kwa 16. 30 hadi 45, kwa 14. 45 hadi 60, kwa 12. Likizidi hapo, mfinyanzi ni mwingi mno: ongezeni mchanga, mpime upya. Rudia kila shimo jipya linapofunguliwa, hata kama liko hatua kumi tu kutoka lile la jana.

Kwa maji, finyanga donge la ukubwa wa ngumi, uliangushe kutoka kimo cha mita moja. Likipasuka vipande vinne au vitano, ni sawa. Likisambaratika, maji ni machache. Likibaki zima, yamezidi. Mkishatia maji, malizeni mchanganyiko ndani ya nusu saa hivi. Mkichanganya mifuko mitatu kwa mkupuo, saruji itashika kabla haijafika kwenye mashine ya kufyatulia.

Udongo unaotiwa mashineni uwe kipimo kilekile kila mara. Ukipungua, kingo za tofali humomonyoka. Ukizidi, mkono wa mashine haushuki mpaka mwisho na tofali hutoka nene. Andika pia kila mfuko wa saruji umetoa matofali mangapi. Idadi ikipanda ghafla na mchanganyiko ni uleule, saruji inapunjwa. Mwambie fundi mkuu mkiwa wawili, si mbele ya vibarua.

Halafu ni kumwagilia: siku 7 za mwanzo matofali yakae na unyevu chini ya turubai, na yasijengewe kabla ya siku 28. Hapa ndipo ratiba ya wageni huharibu jengo. Wa wiki sita anataka kuona ukuta ukipanda, basi yanapangwa matofali ya siku kumi. Kabla ya kukata tiketi, uliza kama yameshafyatuliwa.

Kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa matofali, isimamie wewe: pembe kwa kamba ya mita 3, 4 na 5 (pembetatu ya pande hizo hutoa pembe mraba), usawa kwa mpira wa maji, kisha linganisha mishazari, yaani vipimo vya kona hadi kona. Matofali haya hayana mota ya kutosha katikati ya kuficha kosa. Milimita tano za chini zitakufuata hadi kwenye lenta, boriti ya juu ya milango na madirisha.

SWALI: Mratibu ananiomba nichore ramani ya darasa jingine. Nikubali?

JIBU: Chora, ila isijengwe kabla ya kupitiwa na kusainiwa na mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Nondo za msingi na lenta muachie mhandisi.

SWALI: Naweza kuingia kambini kutembea?

JIBU: Si bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika lako ndilo likuombee, mapema. Na fungasha glavu za mpira jozi mbili: saruji mbichi huunguza ngozi.